Inauma Wapi?

Rispah Nafula alikuwa daktari wa ngozi pale Midrand, na watu walimsifu kwa jambo moja kuliko yote: alikuwa na mkono mwepesi. Wanawake wa benki, mawakili, wachungaji na wake zao, hata wanaume waliofika wamevaa miwani ya jua ili wasitambulike, walimpelekea nyuso zao azilainishe mikunjo na kuyajaza mashavu yaliyoanza kuporomoka. Walipotoka waliambiana kwamba kwa Dokta Rispah sindano huisikii.

Haikuwa bahati. Alimpaka mgonjwa dawa ya ganzi mapema, akamwacha apumzike mpaka ngozi ilale. Alitumia barafu iliyofungwa kitambaani. Sehemu zinazouma zaidi, kama mdomo na kando ya pua, alizitia sindano ya ganzi kupitia ufizi, pale neva inapotokea, na upande mzima wa uso ukawa kama wa mtu mwingine. Muda wote huo alizungumza. Aliuliza habari za watoto, za kazi, za foleni ya magari kuelekea Pretoria, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayesimulia jambo hana nafasi ya kuogopa.

Alikuwa na sababu yake. Kwao Bungoma, mvulana akitahiriwa husimama mbele ya ukoo akiwa amepakwa tope, macho yakitazama mbele, na hatakiwi hata kupepesa. Kaka yake Enos alipepesa. Hakulia wala hakukimbia. Alikunja uso kidogo kisu kilipopita, basi. Wazee wakanyamaza. Shangazi yao mmoja akajifunika uso kwa leso. Enos alipomaliza shule alihamia Nakuru, na hakurudi kijijini hata siku walipomzika baba yao. Rispah alikuwa msichana mdogo asubuhi ile ya kisu, amesimama karibu, na aliuona vizuri uso wa kaka yake. Tangu hapo hakupenda kusikia mtu akisifiwa kwa kuvumilia.

Nywele zake alisukwa Joubert Park. Wenzake wa kliniki walishangaa: saluni zimejaa Midrand, kwa nini uende katikati ya jiji, mahali ambapo huwezi kuacha hata mkoba ndani ya gari? Lakini Rispah alikuwa amemzoea Arlène, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa na saluni ndogo chini ya jengo la fleti, yeye na mwenzake Jeanne. Walikutana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili iliyowakusanya Wakongomani, Wakenya, Warundi na Watanzania wachache. Arlène alisuka vizuri na kwa nguvu. Mteja akiguna, alipuliza pale alipovuta, akapaka mafuta kidogo, akasema, "Pole, mama. Kidogo tu." Kisha akaendelea kuvuta vilevile.

Arlène alikuwa na kovu. Mwaka 2015, wageni waliposhambuliwa jijini, mtu alirusha chupa ya bia kupitia mlango wa saluni, na kigae kikampasua kuanzia kando ya pua hadi katikati ya shavu la kushoto. Alishonwa harakaharaka siku ambayo majeruhi walikuwa wengi. Kidonda kilipona kwa kubonyea, kikaacha mfereji mweusi uliovuta ncha ya pua upande mmoja. Hakupenda kulizungumzia. Vioo vya saluni alivipanga hivi kwamba mteja alijiona mwenyewe na mikono ya msusi, basi. Uso wa msusi ulibaki juu, nje ya kioo.

Siku moja ya Agosti mwaka 2018, Rispah akiwa amekaa kitini, alisema jambo ambalo alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu.

"Dada Arlène, hilo kovu ninaweza kulipunguza."

Mikono ya Arlène ilisimama kichwani mwake.

"Linakusumbua?" Arlène aliuliza.

"Mimi? Hapana. Nilidhani labda linakusumbua wewe."

"Nimelizoea."

Jeanne, aliyekuwa anafagia nywele mlangoni, alicheka kwa huzuni. "Amelizoea wapi? Picha hapigi. Harusi ya mtoto wa dada yake alikaa jikoni tangu asubuhi mpaka watu wakaondoka."

Arlène alimwambia neno kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na Jeanne akaendelea kufagia.

"Si upasuaji," Rispah alisema. "Ninapitisha sindano chini ya ngozi, ninakata nyuzi zilizolivuta kovu likabonyea, kisha ninajaza jeli pale palipo na shimo. Unaingia na kutoka siku hiyohiyo. Na hutasikia maumivu, hilo ninakuahidi. Wala hutalipa. Umenisuka miaka yote hii."

Arlène alichukua fungu jingine la nywele. Alimaliza kusuka, akachoma ncha za nywele kwa kiberiti, akamsindikiza hadi kwenye gari kama ilivyokuwa desturi yake. Wiki kadhaa baadaye alituma ujumbe wa neno moja: Ndiyo.

Alifika Ijumaa asubuhi amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino. Pale mapokezi alikaa ukingoni mwa kiti. Rispah alipomwita ndani alisimama na kusema, "Asante, dokta."

"Dokta tena? Mimi si dada yako Rispah?"

"Huku ni dokta," Arlène alisema.

Rispah alicheka, akamlaza, akampaka dawa ya ganzi. Alimweleza kila kitu kwa utaratibu. Alimwambia ainue mkono wa kushoto wakati wowote akisikia chochote kibaya, kiwe kuchoma, kuvuta au uzito, na yeye ataacha papo hapo.

"Usinifiche," alisema. "Watu wengi wanajikaza. Hapa hatujikazi."

"Sawa, dokta."

Kwa kuwa kovu lilikuwa gumu, na kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi, Rispah hakuridhika na dawa ya kupaka. Alichoma ganzi ya ufizi, kisha akaongeza nyingine palepale kwenye kovu, ile iliyochanganywa na dawa ya kubana mishipa ili damu isitoke nyingi. Akangoja. Akagusa shavu kwa ncha ya sindano.

"Unasikia?"

"Siko nasikia kitu."

Alianza kazi. Nyuzi za kovu zilikatika chini ya sindano zikitoa mlio mdogo kama wa kitambaa kinachochanwa. Rispah alizungumza kama kawaida yake. Aliuliza habari za Bukavu, za ziwa, za mama yake Arlène. Arlène alijibu kwa neno mojamoja huku macho yake yakitazama dari. Alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja juu ya tumbo, na vidole havikutikisika hata mara moja. Rispah aliiona mikono ile na akafurahi. Alidhani ni utulivu.

Alipofika kujaza jeli kando ya pua, ngozi iligeuka rangi. Ilikuwa ngozi nyeusi, na rangi iliyogeuka haikuwa nyeupe; ilikuwa kijivu, kama jivu lililopitishwa kidole. Rispah alisimama. Akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akatazama damu ikirudi. Ilirudi polepole.

"Dada Arlène, unasikia maumivu hapa?"

"Hapana, dokta."

"Hata kidogo? Hata kama kitu kinachoma kuelekea juu, machoni?"

"Iko sawa."

Dawa ya kubana mishipa hufanya ngozi iwe hivyo. Rispah alilijua hilo. Alikuwa ameliona kwa wagonjwa wengi, na baada ya muda rangi ilirudi. Alikanda kidogo, akaweka kitambaa cha moto, akangoja, akatazama tena. Ilionekana nafuu. Akamaliza. Akamletea Arlène kioo cha mkono.

Arlène alijitazama kwa muda mrefu. Uso ulikuwa umevimba na nusu ya mdomo ilikuwa imelala kwa ganzi, lakini mfereji ulikuwa umejaa. Pua ilikuwa imenyooka. Chozi moja lilimtoka, likateremka upande ule usio na hisia, na hakulifuta kwa sababu hakulijua.

"Mungu akubariki," alisema.

Rispah alimwambia kwamba ganzi itaisha jioni, na kwamba maumivu kidogo ni kawaida, kama ya jino. Yakizidi hapo, au ngozi ikibadilika, apige simu saa yoyote.

"Saa yoyote, dada. Hata nikiwa nimelala."

"Sitakusumbua," Arlène alisema, na Rispah akalichukua kama neno la adabu.

Jumapili Arlène hakuonekana kanisani. Jeanne alikuja peke yake, akakaa safu ya nyuma, na Rispah alipogeuka wakati wa nyimbo za kwanza aliona kwamba Jeanne anakwepa macho yake. Alitoka kwenye safu yake, akamwachia mumewe Bramwel Biblia, akaenda nyuma.

"Arlène yuko wapi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Anaumwa?"

Jeanne aliangalia mbele, kwa waimbaji. "Amesema nisikuambie."

"Jeanne."

"Uso umevimba. Jana alisuka mpaka saa tisa, kisha akaweka kichwa ukutani, akabaki hivyo. Usiku amekuwa akitembea ndani ya chumba. Nimemwambia pigia dada Rispah. Amesema, mtu amekupa zawadi, utampigia simu umlalamikie zawadi yake?"

Rispah hakurudi kuchukua mkoba wake; funguo na simu alikuwa nazo mfukoni. Alimwambia Jeanne amfuate, na wakaenda Joubert Park kwa gari, akipita taa moja ya barabarani, robot kama wanavyoiita huko, ikiwa imeshageuka nyekundu. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa. Walipanda ngazi, Jeanne akitangulia na Rispah akimfuata, na njiani harufu ya vyakula vya Jumapili ya watu ilitoka kwenye kila mlango.

Arlène alikuwa ameketi kitandani, leso ameikunja mara nyingi na kuishika shavuni. Alipomwona Rispah alijaribu kusimama ampokee.

"Kaa. Ondoa leso, dada yangu. Nione."

Arlène aliondoa leso.

Kuanzia kando ya pua hadi juu ya mdomo ngozi ilikuwa imechorwa madoa ya zambarau yaliyoungana kama wavu, na bawa la pua la kushoto lilikuwa jeusi mno, weusi usio wa ngozi. Vipele vidogo vya usaha vilikuwa vimeanza kujitokeza. Rispah alibonyeza kwa kidole. Hakuna kilichobadilika. Alibonyeza tena, mahali pengine, akangoja, na mahali pale pakabaki vilevile kama ubao. Alijua alichokuwa akikitazama. Jeli ilikuwa imeingia ndani ya mshipa, au ilikuwa imeuziba kwa kuubana, na nyama ya pua ilikuwa inakufa kwa kukosa damu. Katika hali kama hiyo mwili hupiga kelele kwa maumivu tangu mwanzo. Ndiyo kengele yenyewe. Yeye alikuwa ameizima kwa ganzi Ijumaa, na ganzi ilipokwisha, kengele ililia ndani ya mtu asiyemwambia yeyote.

"Ilianza kuuma lini?"

"Ile ganzi ilipotoka."

"Ijumaa ileile? Sana?"

Arlène aliinua bega. "Ulisema itauma."

"Nilisema kama jino."

"Mimi sijawahi kuumwa jino," Arlène alisema.

Walipofika Midrand, kliniki ilikuwa imefungwa. Rispah alifungua mwenyewe, akawasha taa, akatoa dawa ya kuyeyusha jeli kwenye friji. Aliosha mikono kwa muda mrefu. Jeanne alikaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani. Bramwel alipiga simu mara mbili, hakupokea.

Alimlaza Arlène na kuinama ili macho yao yakutane.

"Nisikilize vizuri. Nitachoma sindano nyingi, karibukaribu, pale palipovimba na pembezoni. Inabidi jeli yote iyeyuke. Na leo sitakutia ganzi."

Jeanne alinyanyuka. "Kwa nini? Huyu ameshateseka."

"Kwa sababu ganzi inanifichia mambo. Inabana mishipa, inageuza rangi, na inamnyamazisha. Nahitaji kujua damu inarudi wapi na wapi hairudi. Anayejua ni yeye." Akamgeukia tena Arlène. "Inabidi uniambie. Kila nikichoma, niambie inauma wapi, na inauma vipi. Ukinyamaza, mimi ni kipofu."

"Sawa, dokta."

Sindano ya kwanza iliingia. Arlène hakutikisika.

"Inauma?"

"Iko sawa."

"Arlène."

"Kidogo."

Ya pili, ya tatu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likaingia masikioni. Mikono ilikuwa imeshikana tena juu ya tumbo, vilevile kama Ijumaa, na sasa Rispah aliitazama kwa makini. Kucha za mkono mmoja zilikuwa zimezama ndani ya nyama ya mwingine. Akaweka sindano chini.

"Nani alikufundisha hivi?"

Arlène aliyarudisha macho yake darini.

"Nilizaa mtoto wangu wa kwanza kijijini," alisema. "Wakati wa vita. Tulikuwa wanawake wengi ndani ya nyumba moja, na watu wenye silaha walikuwa wanapita barabarani. Mama yangu aliniwekea kitambaa mdomoni. Aliniambia, ukilia, tunakufa sote." Alimeza mate. "Sikulia. Tuliishi. Mtoto hakuishi, lakini sisi tuliishi."

Jeanne alikuwa amefunika mdomo wake. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, wamekula sahani moja, na hakuwahi kuambiwa.

Rispah alimfuta Arlène jasho kwenye paji la uso. Alivuta kiti, akaketi karibu zaidi, akaitenganisha mikono ile kidole kwa kidole. Mkono mmoja akampa Jeanne aushike.

"Hakuna mtu barabarani," alisema. "Ni sisi watatu tu. Nachoma tena. Niambie."

Sindano iliingia chini ya pua, mahali penye maumivu makali kuliko pote usoni. Mwili wa Arlène ulikakamaa.

"Inauma," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Inaenda juu. Inaenda kwenye jicho." Sauti ilikuwa ndogo, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. "Inauma, dada. Inauma sana."

"Asante. Na hapa?"

"Hapa hapana. Hapa hakuna kitu. Hapa ni kama mti."

Hapo ndipo Rispah alipoogopa kweli, kwa sababu alikuwa amechoma bawa la pua.

Walikaa hivyo mchana mzima. Alichoma, akakanda, akaweka vitambaa vya moto, akampa asipirini, akangoja, akachoma tena. Arlène alisema kila kitu. Mwishoni alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, kilio kirefu kisicho na aibu, na Jeanne alilia naye. Shavu lilianza kupata rangi. Mdomo wa juu ukapata joto. Sehemu ya juu ya pua ikawa nyekundu, na Rispah alipoibonyeza na kuachia, damu ilirudi. Lakini bawa halikurudi. Kwa hilo walikuwa wamechelewa.

Majuma yaliyofuata lile bawa lilikauka likawa gamba jeusi. Rispah alimsafisha kidonda mara kwa mara, nyumbani kwake Joubert Park, kwa sababu Arlène hakutaka tena kupanda gari hadi Midrand na kuketi kati ya wale wanawake wenye nyuso laini. Gamba lilipodondoka, kipande cha pua kilikuwa kimeondoka nacho. Palibaki pengo, ukingo uliolika, na tundu la pua lililokaa wazi upande mmoja. Na kwa kuwa jeli yote ilikuwa imeyeyushwa, mfereji wa zamani ulirudi palepale ulipokuwa.

Bramwel alikuwa mhasibu wa kampuni ya bima, na aliyajua mambo haya.

"Usimwandikie kitu," alimwambia mkewe jioni moja mezani. "Usiseme samahani. Samahani ni kukiri. Yeye ndiye aliyekaa siku mbili bila kupiga simu. Ulimpa maelekezo au hukumpa?"

"Nilimpa."

"Basi."

"Nilimpa maelekezo ya mtu anayejua kulalamika," Rispah alisema. "Na ngozi iligeuka rangi mbele ya macho yangu, Bramwel. Nilimuuliza mtu niliyemtia ganzi kama anaumia. Akasema haumii, nikafurahi."

"Watu wote wanafanya hivyo."

"Ndiyo."

Bramwel alisogeza sahani yake. Hawakulizungumza tena, ila baada ya hapo aliacha kuwasimulia wageni kwamba mkewe ana mkono mwepesi.

Rispah alijiripoti mwenyewe kwenye baraza la madaktari. Kesi ilichukua muda wa kawaida wa mambo hayo, na mwisho wake walimpa onyo na mafunzo ya ziada. Mmoja wao alimwambia pembeni kwamba hatari ile inajulikana na inaweza kumpata yeyote. Aliendelea na kazi. Aliacha ganzi ya ufizi kwa sindano za kujaza jeli, na baadhi ya wateja waliondoka wakaenda kwa madaktari wengine, wakisema kwamba siku hizi kwake panauma.

Kabla ya hayo yote, siku gamba lilipodondoka, alikuwa amemwomba Arlène msamaha. Alipiga magoti kwenye zulia la chumba kile cha Joubert Park na kusema bila kuzungusha: nilikosea, nilipaswa kuacha pale ngozi ilipogeuka, nilipaswa kukuweka mbele ya macho yangu mpaka ganzi iishe.

Arlène alikuwa amekaa na kioo kidogo mkononi, amekiinamisha.

"Amka, dokta."

"Unisamehe kwanza."

"Mimi sikukuomba," Arlène alisema. Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa nakusuka. Wewe ndiye uliyeliona kovu. Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye maisha yangu nalo, nilikuwa nimelipangia mahali pake. Ukaniambia halitauma. Sijui kwa nini nilitaka. Nilitaka sana, ndiyo maana nilinyamaza. Niliogopa nikisema inauma utaniambia basi, tuache."

Rispah alibaki magotini. Jeanne, kwenye jiko dogo la pembeni, alizima moto wa chai.

"Nitakusamehe," Arlène alisema baadaye. "Si leo."

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Rispah alimtafutia nafasi kwa daktari bingwa wa kutengeneza pua kwenye hospitali ya serikali. Walingoja miezi, na siku ilipofika alimpeleka mwenyewe. Waliketi kwenye benchi asubuhi nzima. Daktari bingwa, mzee mpole aliyekuwa na wanafunzi nyuma yake, alipapasa pua, akapiga picha, akaeleza kwa Kiingereza, na Rispah akatafsiri: wanaweza kuchukua gegedu sikioni na ngozi kwenye paji la uso. Itakuwa mara tatu au nne kupasuliwa. Kwa majuma mengi kipande cha ngozi kitaning'inia kutoka kwenye paji hadi puani. Mwisho wake pua itakuwa kamili, ingawa si ile ya zamani.

"Itauma?" Arlène aliuliza.

Rispah hakutafsiri. Alijibu mwenyewe.

"Itauma."

Arlène aliitikia kwa kichwa. Aliwatazama wale wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, nao wakatazama karatasi zao.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie sitaki. Mwambie nimechoka kuumia, na nimesema."

Rispah alimwambia. Mzee alisema mlango uko wazi wakati wowote akibadili mawazo, akampa mkono.

Walishika njia ya kurudi. Karibu na Newtown mvua ilianza, ya radi, na magari yakasongamana. Arlène alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, upande wenye pengo akiuelekeza nje.

"Jumamosi nitakuja nikuone," Rispah alisema.

"Hapana, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili kumwita dada.

"Ukija, najiona mgonjwa," Arlène alisema. "Ukikaa unaniangalia pua, na mimi naiangalia machoni mwako. Jeanne haiangalii tena. Wateja wamezoea. Wewe ndiye bado."

"Siwezi kukuacha hivi tu."

"Si kuniacha. Ni mimi nimekuomba."

Robot iligeuka kijani na magari ya nyuma yakapiga honi. Rispah aliendesha mpaka kona ya mtaa wao, akasimama kando ya spaza, duka dogo la mtaani. Arlène alifunga skafu kichwani vizuri, akaishusha mpaka usawa wa nyusi, uso wote akauacha wazi. Alifungua mlango. Kabla ya kushuka alimgusa Rispah begani, mguso mfupi, kisha akatembea kwenye mvua bila kukimbia, akaingia ndani ya jengo.

Rispah alikaa pale huku kioo cha mbele kikijaa maji. Mtu mmoja aligonga dirisha akitaka kumuuzia mwavuli. Alitikisa kichwa, akawasha gari, akarudi Midrand, ambako mwanamke wa benki alikuwa anamsubiri tangu mchana na alikuwa ameshaanza kulalamika.